Hofu Hufundisha Kujificha

Kuna kauli iliyozoeleka sana katika makanisa yetu, na wanaoisema ni watu wenye nia njema. Utaisikia kwenye kikao cha wazee wa kanisa, kwenye semina ya vijana, na nyumbani pale mzazi anapoeleza kwa nini hapendi watoto wake wahubiriwe msamaha kila Jumapili. Kauli yenyewe ni hii: neema ikihubiriwa sana, watu watazoea dhambi. Muumini lazima aogope kwanza. Aonyeshwe moto, atajwe hadharani, anyimwe Meza ya Bwana kwa miezi kadhaa, ndipo atakaa sawa. Msamaha uje mwishoni, kwa kipimo, kwa yule aliyeonyesha kwamba anastahili. Na wakitaka kuufunga mjadala hukumbusha methali ya wahenga: mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe.

Naipinga kauli hiyo. Naipinga kwa Maandiko, kwa historia ya Ukristo wa Afrika Mashariki, na kwa mambo ambayo yeyote aliyekaa kwenye benchi la kanisa kwa miaka kadhaa ameyaona kwa macho yake. Hofu haimwachishi mtu dhambi. Humfanya awe fundi wa kuificha. Kinachomtoa mafichoni ni neema, na toba ya kweli ni tunda la neema hiyo, wala si bei ya kuinunulia.

Niwatendee haki kwanza walio upande wa pili, kwa maana hoja yao ina mizizi. Mtume Paulo mwenyewe, baada ya kuwaandikia Warumi katika sura ya 5 kwamba neema iliipita dhambi kwa wingi, aliliona swali linalofuata, akaifungua sura ya 6 kwa kuuliza kama basi tuendelee na dhambi zetu. Waraka wa Yuda, mstari wa 4, unawaonya waumini juu ya watu waliojipenyeza kanisani na kuifanya neema kisingizio cha uasherati. Na mwaka 1937 mchungaji Mjerumani, Dietrich Bonhoeffer, alitoa kitabu kilichoushutumu Ukristo wa nchi yake kwa kugawa neema rahisi, yaani msamaha usiomdai mtu lolote, wakati Hitler akiwa madarakani na Wakristo wengi wakimshangilia. Bonhoeffer alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Mtu wa namna hiyo akituonya, yatupasa kusikiliza.

Lakini itazame dawa wanayoitoa mashahidi hao. Paulo hakulijibu swali lake kwa kupunguza kipimo cha neema. Aliwakumbusha Warumi ubatizo wao: waliounganishwa na Kristo wamekufa pamoja naye na kufufuka pamoja naye, kwa hiyo dhambi si bwana wao tena. Akimwandikia Tito, katika sura ya 2, mstari wa 11 na wa 12, anaieleza neema hiyo hiyo kama mwalimu, ndiyo inayotufunza kuukataa uovu na kuishi kwa kiasi. Bonhoeffer naye hakuandika vitisho; alimwita msomaji amfuate Yesu mwenyewe, kwa gharama yoyote. Onyo lao wote linahusu neema iliyotengwa na Kristo. Hakuna hata mmoja aliyefundisha kwamba watu wakitishwa vya kutosha watakuwa watakatifu.

Sasa tuitazame hofu ikiwa kazini. Ni ibada ya Jumapili, matangazo yamekwisha. Msichana wa kwaya ambaye hajaonekana kwa majuma kadhaa anaitwa mbele. Amejitanda kanga, na upande mmoja ameuacha uning'inie mbele ili ufiche tumbo, ingawa kila mtu anajua kwamba tumbo hilo ndilo lililomleta pale. Mzee wa kanisa anasoma jina lake, jina la baba yake, na kosa: amevunja amri ya sita. Anatangazwa kuwa ametengwa, hatashiriki Chakula cha Bwana mpaka atakapotubu na kurudi kundini. Mama yake ameinama, anazungusha kipini cha mkoba vidoleni. Na mstari wa nyuma wa kwaya, upande wa besi, amesimama kijana aliyempa mimba, daftari la nyimbo mkononi. Dakika chache baadaye anaimba.

Wengi wetu tumeiona Jumapili ya namna hiyo. Swali ni hili: waliobaki kwenye mabenchi walijifunza nini? Wasichana wenzake walijifunza kwamba kanisa huadhibu kinachoonekana. Siku likiwapata na wao, kuna atakayeitoa mimba kwa siri na kuhatarisha maisha yake, kuna atakayepelekwa kwa shangazi mjini hadi ajifungue, na kuna atakayehamia dhehebu jingine mtaa wa pili. Kijana wa besi alijifunza kwamba dhambi ya mwanamume haina tumbo. Mzee wa kanisa alirudi nyumbani akiamini kwamba ameulinda utakatifu wa nyumba ya Mungu, kumbe uzinzi umebaki vilevile na ukweli ndio uliopungua.

Hayo si mageni. Yalianza bustanini. Katika Mwanzo sura ya 3, tendo la kwanza la mwanadamu aliyeogopa lilikuwa kujificha kati ya miti, na la pili lilikuwa kumsukumia mwenzake lawama. Hofu ya Adamu haikuzaa toba hata kidogo. Ilizaa maficho na visingizio. Aliyesogea wa kwanza alikuwa Mungu. Ndiye aliyemwita, na baada ya kutamka hukumu, ambayo ilikuwa nzito na ya haki, ndiye aliyewatengenezea mavazi ya ngozi na kuwavika. Wahenga walikwisha kuona kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Kanisa linalowatisha wagonjwa wake lisishangae wakifika wakiwa wamechelewa, au wasipofika kabisa.

Kisa cha Yuda Iskariote na Petro kinalieleza jambo hili vizuri kuliko hoja yoyote. Wote wawili walimwangusha Bwana wao usiku uleule. Soma polepole Mathayo sura ya 27, kuanzia mstari wa 3 hadi wa 5. Yuda alijuta. Alikiri kwa kinywa chake kwamba ametenda dhambi kwa kumsaliti mtu asiye na hatia. Alirudisha vipande 30 vya fedha, vyote, bila kubakiza. Majuto, ungamo na malipo: masharti yote ambayo vikao vyetu huyadai, huyu aliyatimiza. Alichokosa ni mahali pa rehema pa kuyapeleka. Aliyapeleka kwa wakuu wa makuhani na wazee, nao wakamjibu kwamba hilo haliwahusu, akalimalize mwenyewe. Akaenda akajinyonga.

Petro hakuwa na fedha ya kurudisha. Alichokuwa nacho ni machozi, na wenzake ambao hawakumfukuza. Alimkana Bwana mara tatu kando ya moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu. Na katika Yohana sura ya 21, ufukweni mwa ziwa, alikuta tena moto wa makaa, safari hii ukiwa na samaki juu yake na mkate. Yesu alimlisha kwanza. Walipokwisha kula hakumtaka aeleze alikanaje. Alimwuliza mara tatu kama anampenda, akamkabidhi kundi. Swali lile lilimuuma Petro, Injili yenyewe inasema alihuzunika. Neema haikumwacha bila maumivu. Ilimpa maumivu ambayo mtu anaweza kuinuka nayo akaenda kufanya kazi. Ndiyo maana Paulo, katika 2 Wakorintho 7:10, anatenganisha huzuni mbili: moja inaongoza kwenye toba na uzima, nyingine inaishia mautini. Mhubiri anayehesabu machozi tu hajajua bado amezalisha huzuni ipi.

Anayedhani kwamba neema haimgharimu mtu chochote amsikilize Zakayo. Torati ilikuwa na hesabu yake. Kwa mujibu wa Hesabu 5:7, mtu aliyedhulumu kisha akaungama alipaswa kurudisha mali yote na kuongeza sehemu ya tano. Mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumwuza alilipa kondoo wanne kwa mmoja, kwa mujibu wa Kutoka 22:1. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, alikuwa mtu wa hesabu. Asingeshindwa kujua kwamba muungamaji anadaiwa nyongeza ya sehemu ya tano. Lakini yeye alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu akaahidi mara nne. Alijihukumu kwa kipimo cha mwizi, wakati sheria ilimpa kipimo cha muungamaji.

Nani alimlazimisha? Soma Luka sura ya 19 tangu mwanzo, hutaona Yesu akitaja fedha hata mara moja kabla ya Zakayo kuitaja. Alimwita kwa jina akiwa juu ya mkuyu, akamwambia kwamba siku ile atakuwa mgeni wake. Umati ulinung'unika, na manung'uniko yao ndiyo kauli yetu ya leo: huyu ni mwenye dhambi, anapokewaje kabla hajatengenezwa? Ila Yeriko nzima ilikuwa imemchukia Zakayo kwa miaka bila kumtoa senti moja. Alipopokewa, mkoba ulifunguka. Kwanza mgeni mlangoni, kisha toba mezani. Ukiugeuza mpangilio huo, utabaki na Zakayo juu ya mti.

Anayetaka ushahidi wa karibu asiende mbali. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akitumika katika hospitali ya Gahini mashariki mwa Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kubwa iliyoipiga Rwanda. Huko alikutana na Simeoni Nsibambi, Muganda aliyekuwa mtumishi wa serikali, wakakaa wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha, akaubeba ujumbe wa kuwaamsha Wakristo waliolala mpaka alipofariki kwa homa Januari 1936. Uamsho huo ulivuka mipaka, ukaingia Uganda na Burundi, na kabla ya muongo kwisha ulikuwa umefika Kenya, na pia Tanganyika kupitia Bukoba.

Kiini cha ujumbe wao kilikuwa msalaba na damu ya Yesu inayomtakasa mwenye dhambi. Wimbo uliokuwa alama yao, Tukutendereza, ulioenea kutoka Kiganda hadi lugha nyingi za ukanda huu, ni wimbo wa shukrani kwa damu hiyo. Kwa hesabu ya wanaoiogopa neema, watu wa namna hiyo wangelegea kuliko wote. Kilichotokea ni kinyume. Watu walirudisha vifaa walivyoiba hospitalini na shuleni. Walilipa kodi na madeni waliyoyakwepa. Waume waliwaambia wake zao ukweli uliofichwa kwa miaka. Wamisionari wa Kizungu walisimama mbele ya Waafrika kuomba msamaha kwa dharau zao, na Waafrika wakaomba msamaha kwa chuki zao. Maisha hayo ya kutofichana waliyaita kutembea nuruni, kufuatana na 1 Yohana 1:7.

Na walipogombana na wakubwa wa kanisa, ugomvi haukuhusu ulegevu wao. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa uamsho, William Nagenda akiwa mmoja wao, walifukuzwa katika chuo cha teolojia cha Mukono, Uganda. Walikuwa wakiamka alfajiri kuomba na kuhubiri, na hawakukubali kuacha kuikemea dhambi ndani ya chuo. Waliozama sana katika neema ndio waliokuwa wakali zaidi dhidi ya dhambi, wakianza na zao wenyewe. Haki inanitaka niongeze kwamba baadaye baadhi ya vikundi vililigeuza ungamo kuwa mtihani, watu wakaanza kupimana kwa mavazi na kwa maneno ya ushuhuda, wakagawanyika. Hiyo nayo ni hoja yangu: pale kipimo kiliporudi, unafiki ulirudi nacho.

Mmoja wa watoto wa uamsho huo alikuwa Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, naye mtu wa uamsho, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere na mkewe walikimbia usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Alikuwa na kila sababu ya kuchukia, na alichukia. Baadaye mwaka huo, katika ibada ya Ijumaa Kuu London, akitafakari sala ya Yesu kwa waliomsulubisha, aliiona chuki yake ilivyo, akatubu. Kitabu alichokitoa mwaka huohuo kinatangaza kwenye jalada kwamba anampenda Idi Amin. Nani angeweza kumtisha mtu aliyeonewa hadi atubu chuki yake kwa aliyemwonea? Vitisho vyote alivyovijua vilikuwa mikononi mwa Amin, wala havikumfundisha upendo.

Msomaji makini ataniuliza swali gumu: kama ndivyo, mbona Rwanda ileile ya Gahini iliingia katika mauaji ya kimbari mwaka 1994, watu wakachinjwa hata ndani ya makanisa, kama Nyamata na Ntarama? Swali hilo halikwepeki, na sitalifunika kwa maneno matamu. Wauaji wengi walikuwa wamebatizwa. Wengine walikuwa na babu na bibi waliotubu kwa machozi miaka ya 1930. Naliona funzo moja lisilopingika: toba hairithiwi. Kizazi kinaweza kurithi nyimbo, majengo na majina ya Kikristo, kikamwacha Mungu aliyewainua wazee wao. Na tusisahau ni nini kiliwasukuma wengi kushika mapanga: walitiishwa kwa hofu, hofu ya jirani iliyopandwa redioni na hofu ya wakubwa wao. Watu waliozoezwa kutii kwa kuogopa humtii yeyote anayetisha zaidi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye neno ambalo kauli ya kwanza hailifikirii kabisa, nalo ni kila siku. Wanaoiogopa neema huitazama toba kama tukio: mtu anaanguka, anaadhibiwa, anarudi kundini, jalada linafungwa. Biblia haiitazami hivyo. Katika Kutoka sura ya 16, Waisraeli waliamriwa kuokota mana ya siku moja tu, pishi moja kwa kila mtu. Walioogopa kesho wakabakiza, asubuhi waliikuta imeingia mabuu na inanuka. Ni ya siku ya sita peke yake, iliyookotwa maradufu kwa ajili ya Sabato, iliyodumu. Kwa miaka 40 Mungu aliwafundisha watu wake kuamka wakiwa hawana kitu ghalani, na kumkuta yupo. Yesu aliiweka riziki ya siku moja ndani ya sala aliyotufundisha, na mara baada yake akaweka ombi la kusamehewa. Mkate na msamaha vimekaa jirani kwa sababu vyote viwili huombwa leo, na kesho huombwa tena. Martin Luther alipoandika hoja zake 95 mwaka 1517, ya kwanza kabisa ilikuwa kwamba Kristo alitaka maisha yote ya waumini yawe toba. Hoja hiyo ilielekezwa dhidi ya watu waliokuwa wakinunua vyeti vya msamaha ili wamalize jambo mara moja.

Biashara hiyo bado ipo. Kila mtu anayehubiriwa hofu bila neema hutafuta mahali pa kununua usalama. Ndipo huja mafuta ya upako ya chupa, maji ya kunyunyizia mlango wa duka, na sadaka maalumu ya kufuta laana za ukoo, ambayo ni lazima itolewe kabla ya Ijumaa. Wazee wa kanisa huwalaumu waumini wao kwa kukimbilia huko, ilhali ni wao waliowajengea hofu ambayo wengine sasa wanaifanyia biashara.

Pengine unayesoma haya ni mtu aliyekwisha kutubu kosa lilelile mara nyingi, mpaka unaona aibu kulitaja tena mbele za Mungu. Unajiambia kwamba toba yako ni ya uongo. Fikiria habari za John Newton, mwandishi wa ule wimbo wa neema ya ajabu unaojulikana dunia nzima. Alimlilia Mungu katikati ya dhoruba baharini mwaka 1748, na baada ya hapo aliendelea na biashara ya watumwa hadi akawa nahodha wa meli zake, akiacha safari hizo mwaka 1754 kwa sababu ya ugonjwa. Alisimikwa uchungaji mwaka 1764. Ni mwaka 1788 ndipo alipochapisha ungamo lake la wazi juu ya biashara ile, akisimulia kwa aibu aliyoyaona na kuyatenda, na ushahidi wake ukawasaidia waliopigania sheria ya kuipiga marufuku. Bunge la Uingereza liliipitisha mwaka 1807, mwaka aliofariki Newton. Siiti miaka 40 ile kitu kidogo. Kuna watu waliokufa ndani ya meli zile wakati dhamiri yake imelala. Lakini Mungu hakumwacha kabla hajamfikisha kwenye ukweli wote. Ukiona leo dhambi ambayo jana hukuiona, usikate tamaa. Ndivyo neema inavyofanya kazi kwa mtu ambaye haijamkatia tamaa.

Je, basi kanisa liache nidhamu? Hapana, wala neema haidai hivyo. Paulo aliwaagiza Wakorintho wamtoe katikati yao mtu aliyeishi na mke wa baba yake. Hiyo ni 1 Wakorintho sura ya 5. Lakini katika barua ya pili, sura ya 2, mstari wa 6 hadi wa 8, anazungumzia mtu aliyekwisha kuadhibiwa na kanisa hilo, na anawasihi wamsamehe, wamfariji, wamthibitishie upendo, asije akamezwa na huzuni iliyopita kiasi. Nidhamu yake ilikuwa na mlango wa kurudia, naye aliwahimiza wenzake waufungue upesi. Yesu naye, katika Mathayo 18:15, ameweka hatua ya kwanza: mwendee ndugu yako, wewe na yeye peke yenu. Usharika mzima ni hatua ya tatu, na ni kwa yule aliyekataa kusikia mara mbili.

Kama hayo yangefuatwa, yule msichana wa kwaya angetembelewa nyumbani na mama mmoja mwenye hekima kabla ya mtu yeyote kulisoma jina lake. Kijana naye angefuatwa na mzee mmoja mwanamume, akaelezwa ukweli usoni kwake, akaulizwa atamlea vipi mtoto huyo na atasema nini kwa wazazi wa binti. Kama wote wawili wangetubu, kanisa lingekuwa limempata ndugu na dada, na mtoto angezaliwa katika jamaa inayomngoja. Hakuna ulegevu hapo. Kazi hiyo ni nzito kuliko kusoma jina kwenye tangazo, na huenda ndiyo sababu tumeiepuka.

Kwa hiyo nawasihi wachungaji na wazee wa kanisa: hubirini dhambi kwa jina lake, na hubirini msalaba kwa nguvu kuliko hiyo dhambi. Msimwachie muumini hofu aende nayo nyumbani bila mlango wa kurudia. Nawasihi wazazi: mtoto wako akija kukueleza kosa lake mwenyewe, kumbuka kwamba jibu lako la kwanza litaamua kama atakueleza la pili.

Na wewe mwenye jambo ambalo hujamwambia mtu yeyote, usisubiri utengemae ndipo umwendee Mungu. Mwambie leo, kwa maneno yako ya kawaida, kabla hujalala. Kesho mwombe neema ya kesho. Na kama kuna uliyemdhulumu, amka umwendee, umrudishie kilicho chake.